Tuta lisilovuja halijajengwa bado

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kublogu, na jibu ni la. Nilikuwa na kazi ya mteja iliyonitoa mbele ya kompyuta na kunipeleka mpaka kwenye matope. Kwa hivyo leo hatuzungumzii hifadhidata wala simu mpya. Leo ni udongo. (Na nikitaja kodi humu ndani, ni ile ya kompyuta, si ya nyumba.)

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ina bwawa la udongo la ukubwa wa wastani kwenye bonde fulani huku bara. Kila Jumatatu mlinzi wa bwawa hupima vitu vitatu: kina cha maji ziwani, kimo cha maji ndani ya mabomba membamba yaliyochimbiwa katika tuta, na maji yanayovuja kwenye kitako cha tuta. Anaandika kwenye daftari, na mwisho wa mwezi daftari linapigwa picha na kutumwa ofisini. Walitaka programu: mzee atume namba zake kwa SMS, grafu itokee Nairobi. Nikasema wiki tatu zatosha.

Siku ya kwanza nikauliza swali la kijinga. Nilimwuliza mhandisi wao, mama mmoja mpole mwenye mvi, "Injinia, kama mnajua linavuja, mbona hamzibi?" Alicheka mpaka akavua miwani. "Kijana, tuta lisilovuja halijajengwa bado. Hilo likionekana halivuji ndilo linaloninyima usingizi."

Sikumwelewa. Nimesoma sana tangu siku hiyo, na nafikiri sasa ninaelewa. Nafikiri pia kwamba sisi Wakenya tunahitaji kuelewa, kwa sababu wengi wetu tunaishi chini ya tuta fulani bila kujua.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu hudhani udongo ni kitu cha maskini, kwamba bwawa la maana ni la zege. Nendeni Tajikistan mkaone Nurek, lililokamilika mwaka 1980: tuta la udongo na mawe lenye kimo cha mita 300, karibu KICC tatu zikipandishwa moja juu ya nyingine. Bwawa Kuu la Aswan kule Misri ni mawe, mchanga na kiini cha udongo mfinyanzi, mita 111 kwenda juu, na kitako chake kina upana wa karibu kilomita nzima. Hapa kwetu, Masinga ni tuta. Ndakaini, ambako maji mengi ya Nairobi hutoka, ni tuta la udongo la mita 65 lililokamilika mwaka 1994. Mkazi wa Nairobi ukinywa chai asubuhi, unakunywa kilichozuiwa na udongo.

Wahandisi hupenda udongo kwa sababu nzuri. Upo pale pale, huna haja ya kusafirisha saruji milimani. Uzito wa tuta husambaa kwenye eneo pana, kwa hivyo hata mahali ambapo mwamba si imara sana panaweza kulibeba. Ardhi ikititia kidogo, tuta hutitia nayo bila kupasuka kama zege.

Lakini hulimwagi tu. Udongo hutandazwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hadi 30 hivi, halafu mashine nzito yenye meno kama kwato za kondoo hupita juu yake mara kadhaa kabla ya tabaka jingine. Mwaka 1933 mhandisi wa Los Angeles aitwaye Ralph Proctor alichapisha jambo ambalo mama yeyote anayesonga ugali angemwambia bure: maji yakipungua haushikani, maji yakizidi ni uji. Kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambapo ukishindiliwa unabana kabisa. Mpaka leo kipimo hicho kinaitwa kwa jina lake, na kwenye eneo la ujenzi kuna watu ambao kazi yao ni kuchimba vishimo katika tabaka lililoshindiliwa na kupima kama limefika. Likikosa, linakwanguliwa na kurudiwa.

Sasa ile sehemu iliyonipotezea usingizi hata mimi.

Hata ukishindilia vizuri namna gani, maji yatapenya. Yanakwenda polepole, pengine kwa miaka, lakini yatatokea upande wa pili. Maji yenyewe si hatari. Hatari ni yakianza kubeba punje za udongo. Punje moja ikiondoka, njia inapanuka kidogo, maji yanakwenda kasi zaidi, yanabeba punje mbili. Shimo huanzia upande mkavu na kurudi nyuma kuelekea ziwani, ndani ya tuta, mahali ambapo macho hayafiki. Siku shimo likifika ziwani, una saa chache tu.

Dawa yake ni kichujio. Nyuma ya kiini cha udongo huwekwa ukuta wa mchanga uliochaguliwa kwa makini, nyuma ya mchanga kokoto, nyuma ya kokoto mawe. Ni kama kile kichujio cha chai jikoni kwako: majani yanabaki, chai inapita. Mchanga unashika punje za udongo, kokoto inashika mchanga, mawe yanashika kokoto, na maji yanatoka yakiwa safi kwenda kwenye mfereji. Karl Terzaghi, baba wa sayansi hii, alitoa kanuni ambayo kwa maneno ya kawaida inasema hivi: pima punje kubwa za udongo unaolindwa, kisha hakikisha punje ndogo za mchanga wako hazizidi ukubwa huo mara 4 au 5. Zikizidi, matundu kati yake ni makubwa mno na udongo utapita. Basi. Kanuni ya mstari mmoja, na maelfu ya watu wanalala salama kwa sababu yake.

Kwa hiyo kiini kinapunguza maji, lakini kinacholinda tuta ni kichujio. Ukinitajia bwawa la udongo siku hizi siulizi tena ukuta una unene gani. Nauliza mchanga ulitoka wapi na nani aliuchekecha.

Tutazame kilichotokea mahali ambapo kichujio kilikosekana. Teton, jimbo la Idaho, Marekani. Tuta la mita 93, limejengwa na Bureau of Reclamation, shirika lile lile lililojenga Hoover. Hawa hawakuwa wanagenzi. Kiini chake kilikuwa cha udongo laini uliopeperushwa na upepo enzi za kale, ambao maji huubeba kwa urahisi sana. Ubavuni palikuwa na mwamba wa volkano uliojaa nyufa. Walichimba handaki jembamba lenye kina ndani ya mwamba ule na kulijaza udongo ule ule, na kati ya udongo na nyufa hapakuwa na kichujio.

Ziwa lilianza kujazwa Oktoba 1975. Mpango ulikuwa maji yapande futi 1 kwa siku. Mwaka uliofuata theluji ilipoyeyuka yalipanda zaidi ya mara mbili ya hapo, na njia kuu ya kutolea maji ilikuwa haijakamilika, kwa hiyo hawakuweza kuyapunguza. Tarehe 3 Juni 1976 zilionekana chemchemi ndogo chini ya bwawa, maji safi. Asubuhi ya tarehe 5, maji ya matope yakatokea. Tingatinga mbili zikapelekwa kusukuma mawe kwenye shimo. Shimo likazimeza zote mbili, madereva wakaokolewa. Saa sita kasoro dakika 3 mchana mgongo wa tuta ukaanguka. Watu 11 walikufa na miji ikafagiliwa. Kutoka matope ya kwanza mpaka mwisho ni asubuhi moja tu.

Nikarudi kwenye programu yangu nikiwa na adabu mpya.

Maji yanayovuja hupimwa kwa kibao chenye pengo la umbo la V. Maji yanapita kwenye pengo, unasoma kimo chake kwa rula. Hapa ndipo wenzangu wa kodi watafurahi: kiasi cha maji hakiongezeki sawasawa na kimo, kinakwenda kwa kipeo cha 2.5. Kwa pengo la nyuzi 90, sentimita 5 ni kama robo tatu ya lita kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4 hivi. Kimo mara mbili, maji karibu mara sita! Kwa hivyo mzee akikosea sentimita moja, kosa si dogo, na ukichora grafu ya sentimita badala ya lita unajidanganya kwa rangi nzuri.

Niliingiza daftari zima la mwaka mmoja na nusu. Kina cha ziwa kilipanda na kushuka na mvua, kama inavyotarajiwa. Safu ya uvujaji ilianza vizuri: 5, 5.5, 6. Halafu 6. Halafu 6. Wiki kumi na nne mfululizo, 6, wakati ziwa lilikuwa limepanda mita tatu. Programu yangu ilipiga rangi nyekundu ukurasa mzima.

Nikampigia mlinzi.

"Mzee, habari za huko?"

"Nzuri, kijana wangu. Mvua tu."

"Mzee, hii sita ya kila Jumatatu ni sita kweli?"

Akanyamaza. Nikasikia ng'ombe wa mtu akilia huko nyuma. Kisha akaniambia, bila kujitetea, kwamba njia ya kushuka kwenye kile kibao imemezwa na nyasi na matope, kwamba aliona nyoka pale mara mbili, kwamba ameomba gambuti na panga tangu mwaka juzi. Ofisini wanataka namba kila Jumatatu, usipowapa wanapiga simu kwa ukali. Basi aliwapa namba.

Simlaumu hata kidogo. Wangapi kati yetu tumejaza fomu namna hiyo? Mimi mwenyewe nimewahi kuandika kodi inayomeza makosa kimya kimya ili skrini ya mteja ibaki kijani. Ukimwambia mtu namba ni muhimu lakini viatu si muhimu, atakupa namba.

Nilipeleka habari ofisini. Jibu walilonipa nilitegemea lingehusu gambuti. Halikuhusu. Waliniomba niondoe ile rangi nyekundu, kwa sababu ripoti ile husomwa na wanaowakopesha pesa na "inaleta picha mbaya". Tulivutana siku mbili. Mwishowe nikaibadilisha ikawa manjano, nikalipwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sababu ya kuandika makala haya ni kwamba ile manjano imenikaa kooni.

Nilifanya mambo mawili baadaye. Nilimtumia Mzee pesa kwa M-Pesa anunue gambuti na panga. Na nilimpigia Injinia moja kwa moja, nikiwaruka mabosi. Jumatatu iliyofuata SMS ilisema 9. Piga hesabu: kutoka lita 1.2 kwa sekunde mpaka 3.4. Injinia alikuwa huko kesho yake asubuhi. Alikinga maji kwenye chupa ya soda iliyooshwa, akaiweka juu ya jiwe, akaketi kando yake nusu saa kuona kama kitatuama kitu chini. Hakikutuama. Maji yalikuwa safi, na ongezeko lililingana na kina cha ziwa. Kichujio kilikuwa kinafanya kazi yake.

Tulikuwa na bahati. Kama lingekuwa tope, lingetoka wiki kumi na nne huku grafu ikisema sita.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo kwenye shamba la watu binafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua nyingi. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wakiwa ndani ya nyumba zao. Maafisa wa serikali walisema baadaye kwamba halikuwa na kibali. Halikuwa Nurek wala Aswan. Lilikuwa bwawa la kunyweshea mashamba, la aina ambayo yamejaa nchi hii, mengine tunayaita silanga na tunawapeleka ng'ombe pale bila kuwaza.

Na mengine hatujui kama ni mabwawa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliwafagia watu wa Mai Mahiu, makumi wakafa. Kwanza ilisemekana ni bwawa limepasuka. Kisha Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilizibwa na takataka, maji yakajaa nyuma yake mpaka tuta likaachia. Tuta la reli, tena la zamani! Halina kichujio, halina mfereji wa maji ya ziada, halikujengwa kuzuia maji hata siku moja. Maji hayaulizi ulijenga nini. Ukiyazibia njia tu, umejenga bwawa.

Huo mfereji wa maji ya ziada ndio jambo la pili, na nitalipitia haraka kwa kuwa ni rahisi kulielewa. Zege linaweza kuvumilia maji yakipita juu yake kwa muda. Udongo hauvumilii: maji yakishapita mgongoni, yanaukwangua tuta kutoka nje mpaka liishe. Lazima pawe na mlango wa kando, uliojengwa imara, mpana wa kutosha kwa mvua kubwa kuliko uliyowahi kuiona. Derna kule Libya, usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Septemba 2023, matuta mawili ya mawe yenye viini vya udongo yaliyojengwa miaka ya 1970 yalizidiwa na mvua ya dhoruba Daniel. Maelfu ya watu walikufa katika usiku mmoja.

Kichujio na mfereji. Angalia ni vitu gani hivyo. Kimoja kimefukiwa ndani ya tuta, hakuna mwanasiasa atakayepigwa picha nacho. Kingine hukaa kikavu miaka kumi, kinaonekana kama pesa zilizotupwa. Mkandarasi akitaka kupunguza gharama ataanzia wapi? Na mwenye shamba aliyekodi tingatinga kwa siku tano, unadhani atachekecha mchanga?

Maoni yangu ni haya. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa chini ya Sheria ya Maji ya 2016, ndiyo inayotoa vibali vya mabwawa. Kibali kisiwe karatasi kwenye faili. Kila bwawa lenye watu chini yake liwe na ukurasa wazi kwenye intaneti: mchoro wa tuta ukionyesha kichujio kiko wapi, upana wa mfereji wa maji ya ziada, na vile vipimo vya kila wiki, pamoja na jina la cheo cha anayevipima. Yule anayeishi kilomita mbili chini ya tuta asome namba zile zile anazosoma bosi Nairobi. Kiufundi si kitu. Programu yangu ilichukua wiki tatu na inakaa kwenye seva ya bei rahisi kuliko bando lako la mwezi.

Nimeshaambiwa hoja mbili za kupinga. Ya kwanza, kwamba wananchi hawataelewa. Jamani, mwaka 2020 kila jioni nchi nzima ilikaa ikisikiliza takwimu za korona, na bibi yangu kijijini alijua asilimia kuliko mimi. Mkulima anayepima mvua kwa mkebe ataelewa sentimita kwenye kibao. Ya pili, kwamba watu watapata hofu. Hii naiheshimu zaidi, kwa sababu uvumi wa bwawa kupasuka unaweza kuua kwa mkanyagano. Lakini uvumi hustawi pale ambapo namba zimefichwa. Anayeona kila wiki kwamba tuta linavuja lita tatu safi, na ziwa likishuka linavuja mbili, hatakimbia siku akisikia linavuja. Atakimbia siku likianza kutoa tope, na siku hiyo tunataka akimbie.

Kuna hoja ya tatu ambayo hakuna anayeisema kwa sauti: inaleta picha mbaya. Hiyo mnajua ninaifahamu.

Kwa walioko karibu na bwawa lolote la udongo, hata silanga la mtu binafsi, shukeni mchana mkaangalie kitako cha tuta mvua zikiisha. Tazameni kama kuna mahali penye majani mabichi kuliko kwingine, mashimo ya fuko au panya, miti mikubwa iliyoota mgongoni (mizizi ikioza huacha njia). Kingeni maji yanayotoka kwenye chupa safi, mwache yatulie. Mkiona tope, pigeni simu kwa chifu na kwa ofisi ya maji ya kaunti, na msilale chini ya tuta hilo usiku huo.

Programu yenyewe nimeiandika upya bila chochote cha mteja, na yeyote mwenye bwawa anaweza kuipata kwangu bila malipo. Nyekundu yake ni nyekundu. Nimeongeza kitu kimoja: namba ile ile ikija mara nne mfululizo, inamtumia mpimaji SMS ya kuuliza kama njia inapitika na kama ana viatu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, narudi kwenye hifadhidata niliyowaahidi.